Kim Hak-sun na Kimya cha Miaka Hamsini

Tarehe 14 Agosti 1991, jijini Seoul, mwanamke mwenye umri wa miaka 66 aliketi mbele ya waandishi wa habari, akataja jina lake kamili, kisha akasimulia mambo aliyotendewa na askari wa Jeshi la Kifalme la Japani alipokuwa msichana wa miaka 17. Hakuuficha uso wake wala hakujipachika jina la bandia. Kabla ya siku hiyo, habari za wanawake waliofungiwa katika madanguro ya jeshi hilo zilikuwa zimedokezwa vitabuni na katika masimulizi ya wanajeshi wastaafu. Isitoshe, mwanamke mwingine wa Kikorea, Pae Pong-gi, aliyebaki kisiwani Okinawa vita vilipokwisha, alikuwa amejulikana tangu mwaka 1975, pale alipolazimika kueleza alivyofika huko ili apate kibali cha kuishi nchini. Lakini kisa chake yeye kilifichuka kwa kubanwa na sheria za uhamiaji, naye akafariki Oktoba 1991 katika upweke. Kim Hak-sun alikuwa mkaazi wa kwanza wa Korea Kusini kujitokeza kwa hiari yake na kudai, hadharani na kwa jina lake mwenyewe, kwamba dola ya Japani ikiri ilichokifanya. Kufichuliwa na kujitokeza ni mambo mawili tofauti, na tofauti hiyo ndiyo kiini cha maisha yanayosimuliwa hapa.

Kim alizaliwa tarehe 20 Oktoba 1924 mjini Jilin, katika eneo la Manchuria, kaskazini mashariki mwa Uchina. Kuzaliwa kwake ugenini kulikuwa zao la siasa. Japani ilikuwa imeitwaa Korea rasmi mwaka 1910, na baada ya maandamano ya kudai uhuru ya Machi 1919 kuzimwa kwa mabavu, familia nyingi zilivuka mpaka kuukimbia utawala huo. Wazazi wake, wenyeji wa Pyongyang, walikuwa miongoni mwao. Baba alifariki binti akiwa angali mchanga mno kumtambua, na mama, mjane asiye na jamaa wa kumshika mkono katika nchi ya watu, akamrudisha mwanawe Pyongyang. Huko aliishi kwa vibarua. Binti alisoma kwa takribani miaka minne katika shule ya wamisionari isiyolipisha karo, na hiyo ndiyo elimu yote ya darasani aliyowahi kuipata.

Alipofikia umri wa miaka 14 hivi, mama yake aliolewa tena. Msichana hakupatana na baba wa kambo, na haukupita muda akakabidhiwa kwa mlezi mwingine aliyekuwa akiwafunza wasichana kazi ya kisaeng. Hapa pana jambo lisilofaa kupitwa kimyakimya, kwa kuwa miaka mingi baadaye lilikuja kutumiwa dhidi yake. Kisaeng walikuwa wanawake waliofunzwa kuimba, kucheza, kupiga ala na kuwatumbuiza watu wa tabaka la juu. Mila hiyo ina historia ya karne kadhaa nchini Korea. Kim alihitimu mafunzo akiwa na miaka 17, ila sheria haikumruhusu kupata leseni kwa sababu ya umri wake mdogo. Baba mlezi akaamua kumpeleka Uchina pamoja na msichana mwenzake, akitumai kwamba huko wangepata kazi. Wakosoaji wa baadaye walilishika neno hilo kisaeng na kulifasiri kuwa ukahaba, wakadai kwamba yaliyomfika yalikuwa mwendelezo tu wa biashara aliyoizoea. Hoja hiyo ina kasoro mbili. Kwanza inachanganya usanii na umalaya. Pili, na hili ndilo zito zaidi, inachukulia kwamba mwanamke akishakuwa na historia fulani basi hawezi tena kutekwa. Hata mahakama za leo hazijaepukana kabisa na mawazo ya namna hiyo.

Walifika Beijing mwaka 1941. Kwa mujibu wa ushahidi wake, wakiwa njiani kutoka mkahawani maafisa wa jeshi la Japani waliwasimamisha, wakamtuhumu baba mlezi kuwa jasusi, wakamwondoa. Wasichana wawili walisukumwa ndani ya lori lililojaa askari. Safari ile ya usiku iliwafikisha kwenye nyumba iliyokuwa imehamwa na Wachina, kando ya kambi ya jeshi. Walikuta humo wanawake wengine watatu wa Kikorea. Usiku huo huo afisa mmoja alimbaka Kim. Kuanzia siku iliyofuata nyumba ile ikawa gereza lake: alipewa jina la Kijapani, Aiko, akatumikishwa na askari waliopanga foleni, nao wakizidi idadi kila waliporejea kutoka vitani. Daktari wa jeshi aliwapima wanawake hao mara kwa mara, na lengo la vipimo hivyo lilikuwa kuwakinga askari na magonjwa ya zinaa. Kikosi kilipohama, wanawake walihamishwa nacho pamoja na shehena nyingine.

Kituo hicho hakikuwa cha pekee. Jeshi la Japani lilikuwa limeanzisha vituo vya aina hiyo huko Shanghai mwaka 1932, na baada ya unyama wa Nanjing wa Desemba 1937 na miezi iliyofuata, vilienea kila mahali jeshi lilikokwenda, kuanzia Manchuria hadi visiwa vya Pasifiki. Wakuu wa jeshi walidai kwamba vingepunguza ubakaji wa raia, vingezuia maradhi na vingelinda siri za kijeshi. Mwanahistoria Yoshimi Yoshiaki amekadiria kwamba wanawake waliopitishwa humo walikuwa kati ya 50,000 na 200,000; wengine wametaja idadi zilizo chini au juu ya hapo, kwa maana jeshi lililoshindwa liliteketeza sehemu kubwa ya nyaraka zake kabla ya kusalimu amri. Walitoka Korea, Uchina, Taiwan, Ufilipino, Indonesia na kwingineko, wakiwemo Wajapani wenyewe na Waholanzi waliokamatwa Indonesia. Kwamba wengi walitoka katika makoloni si jambo la kubahatisha. Japani ilikuwa imeuridhia mkataba wa kimataifa wa 1921 uliopiga marufuku biashara ya wanawake na watoto, lakini ikayaondoa makoloni yake katika utekelezaji wake. Msichana wa Tokyo alikuwa na ulinzi wa kisheria, japo wa karatasini. Msichana wa Pyongyang hakuwa nao hata huo.

Wanawake hao waliitwa ianfu kwa Kijapani. Neno hilo limeundwa kwa dhana ya faraja, na likifasiriwa kwa Kiswahili litakuwa wanawake wa kuliwaza. Mwanafunzi wa semantiki atatambua mara moja kwamba hii ni tasfida, lakini ni tasfida ya namna yake. Aghalabu tasfida humsitiri msikilizaji asikwazwe na jambo la aibu. Hii ilimsitiri mtenda. Katika Kiswahili anayeliwazwa ni mfiwa. Jeshi liligeuza mambo, likamfanya mtesaji kuwa ndiye mwenye msiba wa kufarijiwa, na aliyeteswa kuwa mtoa faraja. Ndiyo sababu wataalamu wa Umoja wa Mataifa walipoandika kuhusu suala hili katika miaka ya 1990 waliliepuka neno hilo na kutumia istilahi ya utumwa wa ngono.

Kim alikaa kituoni kwa takribani miezi minne. Siku moja Mkorea mmoja aliyekuwa akizungukazunguka huko na biashara ya sarafu za fedha alipenya hadi chumbani mwake, naye akamsihi amtoroshe. Mtu huyo, aliyemzidi umri kwa zaidi ya miaka 20, alikubali. Walitoroka usiku, wakahangaika toka mji hadi mji, mwishowe wakatua Shanghai katika mtaa uliokuwa chini ya Wafaransa. Wakaishi kama mume na mke, wakapata binti na mwana, wakajikimu kwa biashara ya kukopesha fedha kwa rehani. Mwaka 1946, Japani ikiwa imeshindwa, walirudi Korea kwa meli pamoja na wakimbizi wengine.

Uhuru wa nchi haukumletea Kim nafuu. Binti yake alifariki kwa kipindupindu wakati wa kurejea. Mume aliyemwokoa aligeuka kuwa mtesi. Kila alipolewa alimtolea maneno ya kashfa kuhusu maisha yake kambini, wakati mwingine mbele ya mtoto. Siri ambayo ilikuwa msingi wa ndoa yao ikawa ndiyo fimbo ya kumpigia. Kisha mume akafa kwa ajali katika kipindi cha Vita vya Korea. Mwana aliyebaki alizama majini akiwa bado mwanafunzi wa shule ya msingi. Kuanzia hapo Kim aliishi peke yake kwa zaidi ya miaka thelathini, akichuuza bidhaa, akifanya kazi za nyumbani kwa watu, akihamahama mikoa ya kusini kabla ya kurudi Seoul. Hakuolewa tena. Hakumweleza mtu yeyote habari zake. Wahenga husema mwenye kovu usidhani kapoa, nayo ilikuwa kweli kwake, isipokuwa kovu lake halikuwa la kuonekana.

Kimya hicho hakikuwa chake peke yake. Sheria ya kimataifa nayo ilikuwa imenyamaza, au tuseme ilisema kwa sauti ya chini mno. Kanuni za The Hague za 1907 zilizitaka nchi vitani ziheshimu heshima ya familia, na humo ndimo ubakaji ulimoeleweka kuwa umekatazwa. Mahakama ya Kijeshi ya Kimataifa iliyoketi Tokyo kuanzia 1946 hadi 1948 ilipokea ushahidi wa ubakaji wa Nanjing, na hukumu yake ikagusia wanawake wa Guilin walioahidiwa kazi viwandani kisha wakalazimishwa ukahaba. Hata hivyo, hakuna kiongozi aliyeshtakiwa kwa kuunda mfumo wa vituo hivyo. Mwaka 1948 mahakama ya Waholanzi huko Batavia iliwahukumu maafisa wa Kijapani waliowatoa wanawake wa Kizungu katika kambi za wafungwa na kuwapeleka madanguroni Semarang; mmoja wao alihukumiwa kifo. Wanawake wa Kiindonesia wapatao maelfu, waliotendewa hayo hayo katika visiwa hivyo hivyo, hawakuitiwa mahakama. Wakorea nao walihesabiwa kuwa raia wa Japani yenyewe, na sheria za vita za wakati huo ziliwalinda raia wa adui. Mkataba wa Geneva wa 1949 uliutaja ubakaji waziwazi, ila bado kama shambulio dhidi ya heshima ya mwanamke.

Neno heshima katika mikataba hiyo si la kupuuzwa. Likitumiwa hivyo, jeraha halimo mwilini wala rohoni mwa aliyebakwa bali katika sifa yake na ya ukoo wake. Na mwenye kuvunjiwa heshima, kama kila jamii ijuavyo, ndiye huona haya. Kiswahili hakiwezi kujigamba katika hili. Tunacho kitenzi kubaka, kinachomlenga mtenda na nguvu zake, lakini magazeti na mahakama zetu zimeendelea kutumia kunajisi, hasa kwa visa vya watoto, neno lililochukuliwa kutoka Kiarabu na ambalo asili yake ni uchafu unaombatilishia mtu ibada. Kinachosemwa kuwa kimechafuka hapo ni mtoto. Mume wa Kim, alipomtukana akiwa amelewa, alikuwa akitumia mantiki iyo hiyo.

Mwaka 1965 Japani na Korea Kusini zilirejesha uhusiano wa kibalozi. Makubaliano ya fidia yaliyoandamana na mkataba huo yalisema kwamba madai yote kati ya nchi hizo na raia wao yametatuliwa kikamilifu na kwa mara ya mwisho. Wanawake wa vituo hawakutajwa popote. Walifutiwa deni ambalo hakuna aliyekuwa amelikiri.

Mambo yalianza kubadilika mwishoni mwa miaka ya 1980, Korea Kusini ilipotoka katika utawala wa kijeshi na vyama vya wanawake vikapata nafasi ya kusema. Profesa Yun Chung-ok wa Chuo Kikuu cha Ewha alikuwa amefuatilia nyayo za wanawake hao kwa miaka mingi. Juni 1990, suala hilo lilipoulizwa katika bunge la Japani, afisa wa serikali alijibu kwamba wanawake hao walichukuliwa na wafanyabiashara binafsi na kwamba serikali haikuwa na uwezo wa kuchunguza. Kuvuja kwa pakacha, nafuu ya mchukuzi. Novemba mwaka huo mashirika ya wanawake ya Korea yaliunda baraza la kulishughulikia suala hilo, lakini halikuwa na shahidi hata mmoja aliyekubali kutajwa. Kim alipata habari za kauli hiyo ya Tokyo, ikamtia ghadhabu. Wakati huo alikuwa katika kazi za serikali za kuwasaidia maskini, na huko alikutana na mwanamke aliyenusurika bomu la atomiki, naye akamtia moyo ajitokeze. Alikuwa hana mume, mtoto wala jamaa wa karibu wa kuaibishwa. Upweke aliousononekea maisha yake yote ndio uliompa uhuru wa kusema.

Yaliyofuata yalikwenda kasi. Tarehe 6 Desemba 1991 Kim na wenzake waliishtaki serikali ya Japani katika Mahakama ya Wilaya ya Tokyo, kwa pamoja na waliokuwa askari wa Kikorea na jamaa za waliofia vitani. Yoshimi, mwalimu katika Chuo Kikuu cha Chuo, aliusikia ushuhuda wake, akakumbuka karatasi alizowahi kuziona katika maktaba ya Idara ya Ulinzi. Alirudi kuzitafuta, akazipata, na tarehe 11 Januari 1992 gazeti la Asahi Shimbun likazichapisha. Mojawapo, ya Machi 1938, ilionyesha jinsi wizara ya jeshi ilivyotaka vikosi vidhibiti uandikishaji wa wanawake na kuwateua kwa makini watu wa kuifanya kazi hiyo. Hoja ya wafanyabiashara binafsi ilivunjika siku hiyo. Siku chache baadaye Waziri Mkuu Miyazawa Kiichi alizuru Seoul na kuomba radhi. Tarehe 4 Agosti 1993 Katibu Mkuu wa Baraza la Mawaziri, Kono Yohei, alitoa tamko lililokiri kwamba jeshi lilihusika, moja kwa moja au kwa kupitia wengine, na kwamba mara nyingi wanawake walichukuliwa bila ridhaa yao.

Athari kubwa zaidi ilikuwa kwa wanawake wenyewe. Nchini Korea Kusini, wapatao 240 hatimaye walijiandikisha kwa serikali. Nchini Ufilipino, Maria Rosa Henson alijitokeza Septemba 1992. Jan Ruff O'Herne, Mholanzi aliyekuwa amehamia Australia, aliwaona wanawake wa Kikorea kwenye televisheni, akaamua kusafiri hadi Tokyo Desemba mwaka huo kutoa ushahidi; hata binti zake hawakuwa wamejua lolote hadi hapo. Wakorea huwaita wanawake hao halmoni, yaani nyanya, nalo ni jina la mapenzi na heshima. Kila Jumatano, kuanzia tarehe 8 Januari 1992, walikusanyika na watetezi wao mbele ya ubalozi wa Japani jijini Seoul. Kim alikuwa mmoja wao kadiri afya ilivyomruhusu.

Hakupumzishwa na wapinzani. Walilinganisha maelezo yake ya mahakamani, ya magazetini na yale yaliyorekodiwa na watafiti, wakaonyesha mahali yalipotofautiana: jinsi alivyofika Uchina, nafasi ya baba mlezi, mpangilio wa siku za mwanzo. Tofauti hizo zipo, wala hazina haja ya kufichwa. Anayeifahamu fasihi simulizi hatashangazwa nazo, maana msimulizi humjibu aliye mbele yake, na mwanasheria anayeandaa hati ya mashtaka hamuulizi maswali anayoulizwa na mwanahistoria au mwanahabari. Lililo muhimu ni kwamba uti wa mgongo wa kisa haukubadilika hata mara moja: alishikwa akiwa na miaka 17, akafungiwa, akabakwa na askari kwa miezi kadhaa, akatoroka. Wala madai dhidi ya Japani hayakusimama juu ya kumbukumbu zake peke yake, kwa kuwa nyaraka za jeshi lenyewe zilikwisha kutoka kabatini.

Mwaka 1995 Japani ilianzisha Hazina ya Wanawake wa Asia. Fedha za kuwapa waathiriwa zilitoka katika michango ya wananchi, na ziliandamana na barua ya Waziri Mkuu ya kuomba radhi. Baadhi ya wanawake walizipokea, nao hawastahili lawama. Walikuwa wazee, wagonjwa na maskini. Kim alikataa. Kwake, mchango wa raia wema ulikuwa sadaka, ilhali yeye alidai haki kutoka kwa dola iliyomkosea. Ukali wa msimamo huo unaeleweka zaidi mtu akikumbuka kwamba aliishi katika nyumba duni, kwa msaada wa serikali. Akiba yake, wapatao won milioni 20, aliiachia kanisa ili iwafae walio na dhiki kumshinda. Alifariki tarehe 16 Desemba 1997 akiwa na umri wa miaka 73, kesi yake ikiwa ingali kwenye hatua ya kwanza. Alizikwa katika makaburi ya kitaifa ya Cheonan yaliyotengewa Wakorea waliokufa au kuteseka ng'ambo.

Miezi tisa baada ya kifo chake, sheria ilipiga hatua, nayo ilipigwa Afrika Mashariki. Tarehe 2 Septemba 1998 Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda, iliyoketi Arusha, ilimtia hatiani Jean-Paul Akayesu, aliyekuwa mkuu wa wilaya ya Taba. Katika hati ya kwanza ya mashtaka ubakaji haukuwemo. Uliongezwa mwaka 1997 baada ya mashahidi wanawake kuutaja kizimbani bila kuulizwa. Jaji Navanethem Pillay alikuwa mwanamke pekee katika jopo hilo. Kwa mara ya kwanza mahakama ya kimataifa iliamua kwamba ubakaji waweza kuwa tendo la mauaji ya kimbari, ikaueleza kuwa uvamizi wa mwili wa mtu katika mazingira ya shuruti. Neno heshima halikuwa tena nguzo ya hoja. Julai mwaka uo huo Mkataba wa Roma ulikuwa umeorodhesha utumwa wa ngono miongoni mwa uhalifu dhidi ya ubinadamu na uhalifu wa kivita. Haitakuwa kweli kusema kwamba Kim ndiye aliyeleta hayo. Vita vya Bosnia na mauaji ya Rwanda ndivyo vilivyoushtua ulimwengu. Lakini wajumbe walioandika istilahi ile walikuwa wamezisoma ripoti za Umoja wa Mataifa kuhusu vituo vya Japani, hususan ile ya Radhika Coomaraswamy ya 1996, na ripoti hizo zisingekuwapo bila wanawake waliomfuata Kim.

Desemba 2000, watetezi kutoka Asia, akiwemo mwanahabari wa Kijapani Matsui Yayori, waliitisha mahakama ya wananchi jijini Tokyo ili ikamilishe kazi iliyoachwa mwaka 1948. Mahakama hiyo haikuwa na askari wala jela. Hata hivyo iliongozwa na majaji wa kutajika: Gabrielle Kirk McDonald wa Marekani, Carmen Argibay wa Argentina, Christine Chinkin wa Uingereza na Willy Mutunga wa Kenya, ambaye mwaka 2011 alikuja kuwa Jaji Mkuu wa nchi yake. Zaidi ya waathiriwa 60 walihudhuria. Hukumu kamili, iliyosomwa The Hague Desemba 2001, ilimtia hatiani hata Mfalme Hirohito aliyekwisha kufariki mwaka 1989. Ni ajabu kidogo kwamba sehemu hii ya historia ya mwanasheria Mkenya haisimuliwi sana nyumbani.

Mahakama zenye jela zilikuwa na jibu jingine. Kesi ya Kim ilitupwa na Mahakama ya Wilaya ya Tokyo Machi 2001, na Mahakama ya Juu ya Japani ikaifunga Novemba 2004, miaka saba baada ya yeye kuzikwa. Desemba 2015 serikali za Seoul na Tokyo zilitangaza makubaliano mapya, Japani ikatoa yeni bilioni moja. Waathiriwa kadhaa wakalalamika kwamba hawakushauriwa, na Novemba 2018 Seoul ikatangaza kuivunja taasisi iliyoundwa kuzigawa fedha hizo. Januari 2021 mahakama moja ya Seoul iliamuru Japani iwalipe fidia walalamishi 12, ikikataa kinga ya dola. Aprili mwaka huo jaji mwingine akaamua kinyume katika kesi ya kundi lingine, na Novemba 2023 mahakama ya rufaa ikaubatilisha uamuzi wake. Japani haikufika mahakamani, kwa hoja kwamba dola haishtakiwi katika mahakama za dola nyingine. Kufikia mwaka 2025 walikuwa wamebaki chini ya wanawake kumi kati ya wale 240.

Tarehe 14 Agosti imekuwa siku rasmi ya kumbukumbu nchini Korea Kusini tangu 2018. Mbele ya ubalozi wa Japani jijini Seoul kuliwekwa, Desemba 2011, sanamu ya shaba ya msichana aliyeketi kitini, miguu mitupu, kando yake kiti kitupu. Nyingine ilizinduliwa San Francisco mwaka 2017. Wasichana watatu, Mkorea, Mchina na Mfilipino, wamesimama juu ya nguzo wameshikana mikono, wamepeana migongo. Meya wa Osaka alikasirishwa nayo kiasi cha kuvunja, mwaka 2018, udugu wa miaka 60 uliokuwapo kati ya miji hiyo miwili. Chini ya nguzo, juu ya ardhi wanapokanyaga wapita njia, amesimama mwanamke wa nne, mzee, amevaa vazi la Kikorea, ameinua uso kuwatazama wasichana. Huyo ni Kim Hak-sun.